Kibao cha umbali wa anga, Mtwara: shajara ya mradi

Juni 2. Kazi na mipaka yake

Kinachojengwa ni nguzo moja yenye mbao saba, Shangani, Mtwara mjini. Kila ubao una jina la mji na umbali wake kutoka Uwanja wa Ndege wa Mtwara. Ncha ya ubao inatazama kule ambako ndege ingeelekeza pua kama ingeondoka hapa na kushika njia fupi kuliko zote. Miji ni Dar es Salaam, Makka, Mumbai, Ho Chi Minh City, London, New York na Los Angeles. Mumbai na Ho Chi Minh zimeingia kwa sababu ya korosho, kwani sehemu kubwa ya korosho ghafi za kusini hubanguliwa India na Vietnam. Makka imeingia kwa sababu ya kibla, na pia itasaidia kuhakiki kaskazini.

Kabla ya kununua hata bolti moja, kuna swali la kumaliza: umbali upi? Kutoka Mtwara hadi Ho Chi Minh hakuna ndege ya moja kwa moja. Abiria akipitia Dar es Salaam na Doha, anakata kama kilomita 400, halafu 3,819, halafu 5,995, jumla karibu 10,210. Njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ile inayoitwa duara kuu, ni kilomita 7,715. Kati ya namba hizi mbili kuna karibu kilomita 2,500, na zote ni sahihi kwa swali lake. Kibao kitaonyesha duara kuu. Chini ya nguzo kutakuwa na bati dogo linalosema hivyo, la sivyo kila aliyewahi kusafiri atasema tumekosea.

Juni 4. Namba za mahali

Latitudo na longitudo zote zimeandikwa kwa desimali. Kusini mwa ikweta na magharibi mwa Greenwich zina alama ya kutoa:

Mtwara, uwanja wa ndege: −10.339, 40.182
Dar es Salaam, Julius Nyerere: −6.878, 39.203
Makka, Kaaba: 21.423, 39.826
Mumbai: 19.089, 72.868
Ho Chi Minh City, Tan Son Nhat: 10.819, 106.652
London, Heathrow: 51.471, −0.462
New York, JFK: 40.640, −73.779
Los Angeles: 33.943, −118.408

Makka haina uwanja wa ndege wa abiria, ndiyo maana imepimwa hadi Kaaba. Miji mingine yote ni uwanja hadi uwanja. Jambo hili si dogo kama linavyosikika, maana jiji kubwa lina upana wa makumi ya kilomita, na "katikati ya London" ya mtu mmoja si ya mwingine.

Makosa matatu yalijitokeza wakati wa kunakili.

La kwanza ni dakika kugeuzwa desimali kwa macho. Ramani ikiandika 10°20′, hiyo si 10.20. Dakika 20 ni theluthi ya digrii, hivyo ni 10.333. Kosa la digrii 0.133 ni kilomita 15 kaskazini au kusini.

La pili ni alama ya kutoa kusahaulika. Mtwara ikiandikwa 10.339 bila alama, inahamia Ethiopia, na umbali hadi Ho Chi Minh unatoka takriban kilomita 7,250. Namba hiyo haishtui mtu, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Kosa linalotoa jibu la ajabu hukamatwa siku hiyo hiyo, lakini hili la kilomita 465 lingepakwa rangi na kupandishwa juu.

La tatu ni longitudo kutangulia latitudo. Baadhi ya programu za ramani hutoa longitudo kwanza. Mtwara hujionyesha mara moja, kwa sababu latitudo ya 40 kaskazini na longitudo ya 10 magharibi ni baharini nje ya Ureno.

Juni 6. Ramani bapa ilivyofaulu mtihani, kisha ikaanguka

Njia ya kwanza iliyojaribiwa ni ile ya mkato: chukua tofauti ya latitudo, chukua tofauti ya longitudo, tumia Pythagoras, zidisha kwa 111.195, ambazo ni kilomita za digrii moja kwenye tufe la nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Kwa Ho Chi Minh tofauti ni 21.158 na 66.470. Jibu ni digrii 69.76, yaani kilomita 7,757.

Likalinganishwa na uzi juu ya globu. Globu ina kipenyo cha sentimita 30, mzingo wake ni sentimita 94.2, hivyo sentimita moja ni kama kilomita 425. Uzi ulisoma sentimita 18.2, yaani kilomita 7,730. Njia mbili tofauti zimepishana kwa kilomita 27 tu. Ingeishia hapo, fomula ya mkato ingepitishwa kuwa nzuri.

New York ikakataa. Mkato ulitoa kilomita 13,882, uzi ukasoma sentimita 30.1, yaani kama 12,790. Los Angeles ilikuwa mbaya zaidi: mkato 18,309, uzi sentimita 39.1, yaani kama 16,600. Kosa la kilomita 1,700 ni zaidi ya safari ya Mtwara hadi Dar es Salaam kwenda na kurudi mara mbili kwa ndege.

Sababu ni kwamba mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta. Digrii moja ya longitudo hapa Mtwara ni kilomita 109, lakini London ni kilomita 69. Mtwara iko digrii 10 kusini na Ho Chi Minh karibu digrii 11 kaskazini, na njia nzima kati yao inakaa ndani ya ukanda wa ikweta, ambako ramani bapa haijaanza kudanganya. Mji wa kwanza kuchaguliwa kwa majaribio ni miongoni mwa miji ya orodha ambayo isingeweza kulifichua kosa.

Neno kuhusu uzi. Mshipi wa nailoni wa kuvulia haufai kwa sababu unanyumbuka, na ukivuta kwa nguvu kidogo unapoteza milimita 3, ambazo ni kilomita 127. Uzi wa pamba uliopakwa nta unatulia. Shika ncha kwa vidole, vuta hadi ukae wenyewe, usiulazimishe kufuata mstari wa latitudo. Ule upinde unaouona ukipanda kaskazini ndio duara kuu lenyewe. Kiunzi kinachoshikilia globu huzuia uzi kupita karibu na ncha, hivyo ni bora kuitoa globu kwenye kiunzi.

Juni 7. Kuhusu hesabu za kidato cha tatu

Mada ya dunia kama tufe inafundisha umbali kwa miji iliyo kwenye longitudo moja, au kwenye latitudo moja. Ya kwanza ni sahihi. Ya pili inatoa urefu wa mstari wa latitudo, ambao si njia fupi isipokuwa kwenye ikweta. Chukua sehemu mbili zilizo latitudo ya 60 kaskazini, pande mbili za dunia zinazotazamana. Ukifuata mstari wa latitudo ni kilomita 10,008. Ukipita juu ya Ncha ya Kaskazini ni kilomita 6,672. Mtihani unauliza kitu kimoja, rubani anafanya kingine, na mwanafunzi anayesaidia kazi hii aelezwe mapema ili asidhani mwalimu alikosea.

Pia vitabu vingi vya shule hutumia nusu kipenyo cha 6,400. Kwa Ho Chi Minh hiyo peke yake inaongeza kilomita 35. Sisi tunatumia 6,371.

Juni 9. Fomula iliyobaki

Inaitwa havasaini. Mfano kamili, Mtwara hadi Ho Chi Minh, kwa kikokotoo cha kawaida cha shule kilichowekwa kwenye digrii:

Tofauti ya latitudo ni 10.819 − (−10.339) = 21.158. Nusu yake 10.579. Sini yake 0.183591. Kipeo cha pili 0.033706.

Tofauti ya longitudo ni 66.470. Nusu yake 33.235. Sini yake 0.548074. Kipeo cha pili 0.300385.

Kosaini ya latitudo ya kwanza mara kosaini ya latitudo ya pili: 0.966277. Zidisha kwa 0.300385, unapata 0.290255.

Jumlisha na 0.033706: 0.323961. Kipeuo cha pili ni 0.569176. Kinyume cha sini ni digrii 34.693. Mara mbili ni 69.386. Zidisha kwa 111.195: kilomita 7,715. Ukitaka maili za baharini, gawa kwa 1.852, unapata 4,166.

Ipo fomula fupi zaidi ya kosaini, nayo inatoa jibu lile lile kwa miji ya mbali. Tumeiacha kwa sababu ya Dar es Salaam. Kosaini ya pembe ndogo hukaribia sana 1, na ukitumia majedwali ya tarakimu nne, kutoka 0.9980 hadi 0.9981 ni ruko la kilomita 10 nzima. Kwa Ho Chi Minh ruko hilo hilo halifiki kilomita moja. Havasaini haina ugonjwa huo.

Juni 10. Kuhamishia kwenye jedwali la kompyuta

Jedwali la kompyuta hufanya sini na kosaini kwa radiani badala ya digrii. Kila pembe lazima igeuzwe kwanza, iwe kwa kazi ya RADIANS au kwa kuzidisha na π na kugawa kwa 180. Tulipoiacha makusudi ili kuona kosa linavyofanana, Ho Chi Minh ilitoka karibu kilomita 16,780. Tena namba isiyoshtua! Ni umbali halali kabisa duniani, ila si wa hapo.

Ndiyo maana kila jedwali sasa lina safu tano za majaribio juu ya miji yenyewe:

Sufuri, sufuri hadi sufuri, 90 lazima itoe 10,008.
Sufuri, sufuri hadi sufuri, 180 lazima itoe 20,015.
Mji hadi mji ule ule lazima itoe sufuri.
Kwenda na kurudi lazima zilingane.
Singapore hadi New York, JFK, ambayo ni miongoni mwa safari ndefu kuliko zote za abiria zisizotua njiani: hutangazwa kuwa kilomita 15,349, jedwali letu limetoa 15,341.

Jaribio la pili lilileta kosa la kompyuta kwa sababu ya vijisehemu vya desimali: kipeuo kilizidi 1 kwa chembe, na kinyume cha sini kikagoma. Dawa ni kuibana namba isizidi 1 kabla ya hatua hiyo. Pia 20,015 ndiyo paa. Hakuna mji wowote unaofikia hata umbali huo kutoka Mtwara, kwani upande wa pili kabisa wa dunia kutoka hapa ni bahari tupu ya Pasifiki, kusini-mashariki mwa Hawaii. Jibu lolote linalozidi paa hilo ni takataka.

Juni 13. Uelekeo

Hapa ndipo ubishi mwingi ulipotoka. Kwa ramani ya ukutani, Los Angeles iko magharibi ya Mtwara, imepanda kidogo tu. Ukipima pembe kwa rula kwenye ramani bapa unapata digrii 286. Hesabu ya duara kuu inatoa 324, yaani kaskazini-magharibi. Njia hiyo hupanda hadi latitudo ya 54 kaskazini kabla ya kushuka. Anayeondoka Los Angeles kuja Mtwara naye haanzi kwa kuelekea kusini-mashariki. Anaanza kaskazini-mashariki, digrii 45. Kwa hiyo usichukue uelekeo wa kwenda ukaongeza 180 ukadhani umepata wa kurudi.

Kanuni: D ni tofauti ya longitudo, L1 ni latitudo ya Mtwara, L2 ni ya mji mwingine.

y = sin D × cos L2
x = cos L1 × sin L2 − sin L1 × cos L2 × cos D

Pembe ni kinyume cha tanjenti ya y juu ya x. Kwa Ho Chi Minh y ni 0.9006 na x ni 0.2550, jibu digrii 74.2. Jibu likitoka hasi, ongeza 360. Los Angeles ilitoka −36.4, ikawa 323.6.

Mtego mkubwa ni ATAN2, kazi ya kompyuta inayotoa pembe hiyo kutoka x na y. Majedwali ya kompyuta yanataka x kwanza, lugha nyingi za programu zinataka y kwanza. Ukizigeuza, Ho Chi Minh inahama kutoka 74.2 hadi 15.8, upande wa Somalia, na macho yanakamata mara moja. Mumbai inahama kutoka 47.7 hadi 42.3 tu. Aliyejaribu kwa Mumbai peke yake angesema jedwali ni zima.

Orodha ya mwisho ya uelekeo, kwa digrii kutoka kaskazini halisi kwenda kulia: Mumbai 48, Ho Chi Minh 74, New York 310, Los Angeles 324, London 335, Dar es Salaam 344, Makka 359.

Hapo linaonekana tatizo la fundi. Mbao tano kati ya saba zinabanana ndani ya digrii 49, zote upande wa kaskazini-magharibi. Haziwezi kukaa kimo kimoja.

Kwa wanaopenda mzaha wa hesabu: mshale wa kweli kuelekea Los Angeles, ule unaopita ndani ya ardhi moja kwa moja, ungechimba chini kwa digrii 75, karibu wima, na ungetoka upande wa pili baada ya kama kilomita 12,290. Wa Dar es Salaam ungeinama digrii 1.8 tu.

Juni 16. Dunia si tufe, na namba za kuandika

Dunia imebonyea kwenye ncha. Nusu kipenyo kwenye ikweta ni kilomita 6,378.137, kwenye ncha ni 6,356.752. Tufe la 6,371 ni wastani, na wastani huo unaumia zaidi kwenye njia za kaskazini-kusini zinazokatiza ikweta. Bahati mbaya Mtwara imekaa vibaya kwa hilo. Makka ni 3,532 kwa tufe, lakini kwa umbo halisi ni takriban 3,513. Dar es Salaam ni 400 kwa tufe, 398 kwa umbo halisi. Kwa Ho Chi Minh, kwa kuwa njia yake ni ya mashariki zaidi kuliko kaskazini, tofauti haifiki kilomita 10.

Uamuzi ni kuandika kwa mamia yaliyokaribia, ili namba isijifanye inajua kuliko inavyojua. Dar es Salaam 400, Makka 3,500, Ho Chi Minh 7,700, London 7,900 kutoka 7,902, New York 12,800 kutoka 12,769, Los Angeles 16,600 kutoka 16,603. Mbinu hii ilikwama Mumbai. Kwa tufe ni 4,852, inayopanda kuwa 4,900. Umbo halisi linapunguza kama kilomita 8, nayo inashuka kuwa 4,800. Kilomita 8 zikazaa tofauti ya 100 kwenye ubao. Mumbai itaandikwa 4,850, na asiyependa mchanganyiko huo avumilie.

Muda wa kuruka umeachwa makusudi. Ndege ya jeti hukata kama kilomita 900 kwa saa ikiwa juu, na unaweza kugawa mwenyewe, lakini upepo wa juu hubadilisha muda kati ya kwenda na kurudi. Na Mtwara hadi Dar es Salaam ndege ya pangaboi haifikishi mwendo huo. Saa moja ya angani badala ya zaidi ya kilomita 550 za lami, hilo kila mtu analijua bila kibao.

Juni 21. Kaskazini bila dira

Dira imekataliwa kwa sababu mbili. Sindano yake hufuata kaskazini ya sumaku, ambayo siyo kaskazini halisi. Na nguzo yenyewe ni ya chuma, ukisogea nayo karibu sindano inaifuata.

Badala yake kivuli. Fimbo iliyonyooka ya mita moja, imesimamishwa kwa timazi kwenye udongo uliosawazishwa kwa pima maji. Duara mbili zimechorwa kuzunguka fimbo kwa uzi na msumari, ya nusu kipenyo cha sentimita 90 na ya sentimita 110. Asubuhi kivuli ni kirefu na kinafupika. Ncha yake inapogusa duara, weka alama. Alasiri kinarefuka tena, ncha inapogusa duara ile ile upande wa pili, weka alama. Unganisha alama mbili, tafuta katikati, vuta mstari kutoka hapo hadi mguu wa fimbo. Huo ndio mstari wa kaskazini na kusini. Duara mbili ni akiba, wingu likifunika jua wakati wa alama moja unabaki na nyingine. Mistari ya duara zote mbili ilipishana chini ya nusu digrii.

Mambo ya hapa kwetu ya kuzingatia. Mwezi huu jua liko kaskazini yetu, kivuli cha adhuhuri kinaangukia kusini, na fimbo ya mita moja hutoa sentimita 67. Desemba kinaangukia kaskazini, sentimita 23 tu. Karibu na tarehe 21 Februari na 20 Oktoba jua hupita utosini na kivuli cha adhuhuri hupotea kabisa, hivyo anayetegemea kivuli kifupi cha mchana siku hizo hana cha kupima. Pia jua halifiki kileleni saa 6:00 kamili. Saa yetu imefungwa kwenye longitudo ya 45 na Mtwara iko 40.18, hivyo wastani ni saa 6:19 mchana, na leo ilitegemewa 6:21.

Uhakiki ni Makka. Longitudo yake na yetu zinapishana digrii 0.36 tu, na hesabu inatoa uelekeo wa 359.4. Anayeswali Mtwara anatazama kaskazini halisi, chini ya digrii moja kushoto. Mstari wa kivuli na kibla lazima vifuatane, na vimefuatana. Uhakiki huu ni wa haraka tu, maana ukuta wa jengo unaweza kupinda digrii mbili na asijue mtu.

Juni 25. Nguzo

Bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki) la inchi 2, mita 6, limekatwa mita 4.3. Sentimita 80 zimeingia ardhini, ubao wa chini umeanza mita 2.1 ili usigonge vichwa, na mbao saba za upana wa sentimita 15 zenye nafasi ya 5 kati yao zimemaliza zilizobaki. Shimo ni sentimita 40 kwa 40 kwa 80. Zege la 1:2:4 limekula mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba za lita 20, na limebaki kidogo. Mchanga umetoka mtoni. Wa pwani una chumvi, na chumvi hula chuma ndani ya zege kabla hujaona ufa. Nguzo imefungwa kwa kamba tatu na kupimwa timazi pande mbili, halafu ikaachwa siku saba ikimwagiwa maji asubuhi na jioni.

Mbao ni mninga, sentimita 90 kwa 15, unene 2. Praima tabaka moja, rangi ya mafuta tabaka mbili, na ncha zilizokatwa zimepakwa mara tatu kwa sababu maji hupenyea pale. Tarakimu zina kimo cha sentimita 8.

Julai 3. Kupanga pembe

Kuchora digrii juu ya bomba lenyewe hakukufaa. Bomba lina kipenyo cha milimita 60, hivyo digrii moja ni nusu milimita, nyembamba kuliko kalamu ya fundi. Imekatwa sahani ya plaiwudi ya kipenyo cha sentimita 60, yenye tundu katikati, ambayo digrii moja ukingoni ni milimita 5.2. Sahani inavalishwa kwenye nguzo, sifuri yake inalinganishwa na mstari wa kivuli kwa timazi, na kila ubao unapangwa kwa kushusha timazi kutoka kwenye ubao hadi ukingo wa sahani. Kaza nati kidogo, pima, kaza kabisa, pima tena, kwani kukaza kwenyewe kuligeuza mbao kwa digrii 1 hadi 2 kila mara. Mpangilio ni kutoka juu: Los Angeles, London, New York, Makka, Dar es Salaam, Ho Chi Minh, Mumbai. Zile tano za kaskazini-magharibi zinaonekana kama vidole vya mkono mmoja.

Julai 11. Kusi

Siku nane za kusi. Mbao tano za kaskazini-magharibi hazikusogea hata digrii moja. Upepo unatoka kusini-mashariki, unazipita kwa ukingo. Mumbai, iliyo digrii 48, inaupokea kwa uso mzima, nayo imegeuka digrii 9. Ho Chi Minh imegeuka 4. Mabano mawili ya nati hayatoshi kwa bomba laini lililopakwa rangi.

Marekebisho: rangi imekwanguliwa chini ya mabano, mbao zote saba zimerudishwa kwenye pembe, na kila moja imepigwa bolti ya milimita 6 inayopenya ubao na bomba. Tundu limetobolewa baada ya kupanga pembe, kwa sababu likitobolewa kabla, bolti ndiyo inayoamua uelekeo badala ya sahani. Bolti na skrubu ni zisizoshika kutu. Zile za kawaida zilizotumika kwa muda zimeshaanza kutoa machozi ya kahawia kwenye rangi nyeupe ndani ya siku nane.

Julai 19

Kipimo cha marudio: Mumbai 48, Ho Chi Minh 74, hakuna kilichosogea. Bati la chini limefungwa. Linasomeka: "Umbali wa duara kuu, kilomita, kutoka Uwanja wa Ndege wa Mtwara. Si urefu wa safari ya tiketi." Kipimo kinachofuata ni Desemba, upepo ukigeuka kaskazi, ambao utazipata Los Angeles na New York kwa uso.